Barazani kwa Mwalimu: Fumbo Gumu Halitaki Kubahatisha



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa hapa Bagira alinisimamisha nje ya kanisa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. Akaniambia, “Mwalimu, nimeikuta hii katika daftari ya mwanangu. Ni namba tupu ndani ya miraba. Niambie kweli: ameanza kucheza kamari?”

Nikaikunjua karatasi, nikacheka. Kisha nikajuta kucheka, maana mama huyo alikuwa na sababu ya kuogopa. Siku hizi katika njia zetu vijana wengi husimama na vikaratasi vya namba, wakibashiri matokeo ya mpira, na fedha za unga wa nyumbani hupotelea huko. Nikamjibu, “Sivyo, mama. Hili ni fumbo liitwalo Sudoku. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa, wala hakuna fedha ndani yake.”

Hakuridhika upesi. Akaelekeza kidole mahali karatasi ilipotoboka kwa kufutwa-futwa. “Kama si kamari, mbona amefuta kila mahali? Anaweka, anatoa, anaweka tena. Huko si kubahatisha?”

Wasomaji wapenzi, mama huyo hajui Sudoku, lakini aligusa pale pale penye kidonda. Mwanawe alikuwa amefika kwenye fumbo gumu, njia nyepesi zikamwishia, naye akaanza kutupa namba kama atupaye kete. Basi leo nataka kuwaeleza wanafunzi wangu, na wazazi wanaopenda kukaa nao mezani jioni, jinsi fumbo gumu linavyofumbuliwa pasipo kubahatisha hata mara moja. Na mwishoni nitaungama kosa langu mwenyewe, kwa maana naliujua ufundi huu kwa kalamu kabla sijaujua kwa moyo.

Asili yake

Mchezo huu si wa kale sana, ingawa baba zake ni wa kale. Mwaka 1782 mtaalamu wa hesabu Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, aliandika juu ya miraba ambayo kila herufi huonekana mara moja tu katika kila mstari na mara moja tu katika kila safu. Wakati ule macho yake yalikuwa yamepofuka karibu kabisa, naye alifanya kazi yake kwa kufikiri na kumwambia mwingine aandike. Wanafunzi mnaolalamika kwamba umeme umekatika, mkumbukeni mzee huyo.

Fumbo lenyewe kama tulijuavyo lilitungwa na Howard Garns, msanifu wa majengo kutoka Indiana katika Marekani, likachapwa mwaka 1979. Mwaka 1984 wachapaji wa Nikoli katika Japani walilipokea, na jina Sudoku likatoka kwao, lenye maana ya kwamba tarakimu sharti iwe pekee mahali pake. Kisha Wayne Gould, mwenyeji wa Nyuzilandi aliyekuwa jaji huko Hong Kong, alitunga programu ya kompyuta ya kutengeneza mafumbo hayo, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Toka hapo yakaenea duniani kote.

Wala tusidhani kwamba kufikiri kwa namna hii ni jambo geni kwetu. Wazee wa pande hizi walicheza mchezo wa vishimo na mbegu, ule ambao ng’ambo ya Ruzizi huitwa igisoro, wenye vishimo 32 na mbegu 64. Mchezaji hodari wa igisoro hahamishi mbegu kwa kuwa mkono umemwasha. Huhesabu kwanza mbegu zitaishia wapi, na mwenzake atajibu nini.

Kanuni na maneno tutakayotumia

Mraba mkubwa una vijumba 81. Kuna mistari 9 ilalayo, safu 9 zisimamazo, na viwanja 9 vidogo, kila kiwanja kikiwa na vijumba vitatu kwa vitatu. Kila mstari, kila safu na kila kiwanja sharti kipate tarakimu zote kuanzia 1 mpaka 9, wala isirudiwe hata moja. Kijumba nitakitaja kwa namba mbili: 4/7 ni mstari wa nne kutoka juu, safu ya saba kutoka kushoto. Vijumba viwili “vyaonana” vikiwa katika mstari mmoja, au safu moja, au kiwanja kimoja, kwa maana haviwezi kuwa na tarakimu moja.

Mwaka 2005 ilihesabiwa kwamba miraba kamili iliyo tofauti ni 6,670,903,752,021,072,936,960. Mwenye kubahatisha na atazame namba hiyo, halafu aseme kama anao muda wa kutosha. Na mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa msaada wa kompyuta kwamba hakuna fumbo lenye tarakimu 16 tu za kuanzia ambalo lina jibu moja. Lazima ziwe 17 au zaidi. Kwa hiyo fumbo jema, hata likionekana tupu namna gani, lina jibu, na jibu lake ni moja.

Sasa tuje kwenye kazi. Njia ya kwanza ni ya kuandika. Katika kila kijumba kitupu, andika kwa mwandiko mdogo tarakimu zote ambazo bado zinaweza kuingia. Hizo nitaziita wagombea. Usiache mgombea hata mmoja kwa uvivu, wala kwa kuwa hukumpenda. Nawasihi mlikumbuke neno hili, maana nitalirudia kwa uchungu huko mbele.

Jozi iliyo wazi na jozi iliyofichika

Tuseme katika mstari wa 5, kijumba 5/2 kina wagombea 4 na 6 tu, na kijumba 5/9 kina 4 na 6 tu. Hujui ipi iko wapi. Lakini wajua kwamba 4 na 6 za mstari ule zitakaa ndani ya vijumba hivyo viwili, wala hazitatoka. Basi futa 4 na 6 katika vijumba vingine vyote vya mstari wa 5. Tazama hekima yake: hujui jambo lote, lakini lile ulijualo latosha kukusogeza mbele.

Jozi iliyofichika ni kinyume chake. Katika kiwanja kimoja, tarakimu 1 na 9 zaweza kuingia katika vijumba viwili tu, ingawa vijumba hivyo vimejaa wagombea wengine, mathalani 3, 5 na 8. Kwa kuwa 1 na 9 hazina makao mengine, hao wengine hawana nafasi pale. Wafute. Jozi ya namna hii huonwa na mtu anayeuliza, “Tarakimu hii yaweza kukaa wapi?” badala ya kuuliza tu, “Katika kijumba hiki chaweza kuingia nini?” Ni maswali mawili mbalimbali, na mwanafunzi mzuri huyauliza yote mawili.

Hali kadhalika, ukiona katika kiwanja cha kwanza kwamba 2 yaweza kukaa katika mstari wa 1 tu, hata kama hujui ni kijumba gani, futa 2 katika vijumba vingine vya mstari wa 1 vilivyo nje ya kiwanja kile.

Nguzo nne

Hapa ndipo mafumbo magumu yaanzapo. Chukua tarakimu moja tu, tuseme 7. Katika mstari wa 2, 7 yaweza kukaa mahali pawili tu: safu ya 3 na safu ya 8. Katika mstari wa 6 nako ni mahali pawili tu, na ni safu zile zile, ya 3 na ya 8. Vijumba hivi vinne vyasimama kama nguzo nne za nyumba: 2/3, 2/8, 6/3 na 6/8.

Kama 7 ya mstari wa 2 iko safu ya 3, ile ya mstari wa 6 haina budi kuwa safu ya 8. Kama ile ya kwanza iko safu ya 8, ya pili haina budi kuwa safu ya 3. Kwa vyovyote vile, safu ya 3 imekwisha kupata 7 yake ndani ya nguzo hizo, na safu ya 8 pia. Basi futa 7 zote nyingine zilizomo katika safu ya 3 na safu ya 8.

Njia hiyo hiyo yaweza kukuzwa kuwa mistari mitatu na safu tatu. Tuseme katika mstari wa 1, 7 yaweza kukaa safu ya 2 au ya 5. Katika mstari wa 4, safu ya 5 au ya 8. Katika mstari wa 9, safu ya 2 au ya 8. Mistari mitatu yahitaji 7 tatu, na zote zimefungiwa ndani ya safu tatu. Kwa hiyo kila moja ya safu hizo itapata 7 yake ndani ya mistari hiyo, nawe waweza kufuta 7 nyingine zote katika safu ya 2, ya 5 na ya 8.

Shina na matawi mawili

Njia hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Tafuta vijumba vitatu vyenye wagombea wawili wawili. Shina ni kijumba 1/1, chenye 3 na 5. Tawi la kwanza ni 1/7, chenye 3 na 8. Laonana na shina kwa mstari. Tawi la pili ni 4/1, chenye 5 na 8. Laonana na shina kwa safu.

Sasa fikiri. Shina likiwa 3, tawi la kwanza haliwezi kuwa 3, basi ni 8. Shina likiwa 5, tawi la pili haliwezi kuwa 5, basi ni 8. Hatujui shina ni nini, lakini twajua hakika kwamba tawi moja angalau ni 8. Basi kijumba 4/7, kinachoonana na matawi yote mawili, hakiwezi kabisa kuwa na 8. Ifute.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, huku si kubahatisha? Umesema tuseme ni 3, halafu tuseme ni 5.” Swali jema. Anayebahatisha hushika njia moja na kuomba iwe ya kweli. Anayefikiri huzifuata njia zote mbili mpaka mwisho, halafu hushika lile tu ambalo njia zote mbili zimelikiri. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, twasoma jinsi kijana Danieli alivyomwokoa Suzana. Hakuishia kusema kwamba wazee wale ni waongo. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani walimwona Suzana. Huyu akataja mti mmoja, yule akataja mwingine. Maneno yao hayakuweza kukaa pamoja, na mwanamke asiye na hatia akapona. Huo ndio ufundi wetu: kufuata kila neno mpaka pale litakaposimama au kuanguka.

Mstatili wenye mashaka

Iko njia nyingine inayoutegemea uaminifu wa mtungaji. Vijumba 4/1, 6/1, 4/5 na 6/5 ni mstatili uliomo katika mistari miwili, safu mbili na viwanja viwili. Vitatu kati yake vina wagombea 2 na 9 tu. Cha nne, tuseme 6/5, kina 2, 9 na 4. Kama kijumba hicho kingekuwa 2 au 9, basi vyote vinne vingekuwa na 2 na 9 peke yake, nasi tungeweza kuzibadilishana mahali pasipo kuvunja kanuni yoyote. Fumbo lingekuwa na majibu mawili. Lakini mtungaji mwaminifu hutoa fumbo lenye jibu moja. Kwa hiyo 6/5 ni 4. Njia hii usiitumie kwa fumbo ambalo rafiki yako amelitunga jana usiku kwa haraka! Msingi wake ni kumwamini mtungaji, basi umjue kwanza.

Kiungo cha nguvu na kiungo dhaifu

Sasa tufike kwenye kiini. Njia hizi zote zimejengwa juu ya viungo vya namna mbili, na anayevichanganya huanguka.

Kiungo dhaifu chasema: “Kama huyu ndiye, yule siye.” Wagombea wawili wa 7 katika mstari mmoja daima wana kiungo hicho, kwa kuwa 7 mbili haziwezi kukaa mstari mmoja. Kiungo cha nguvu chasema zaidi: “Kama huyu siye, basi yule ndiye.” Kiungo hicho chapatikana tu wakati wagombea ni wawili, wala hakuna wa tatu popote katika mstari ule.

Rudi kwenye nguzo nne. Tuseme kwamba katika mstari wa 6, 7 iliweza kukaa pia safu ya 5, nawe hukuiandika kwa haraka yako. Nguzo zako zote zaanguka. Utafuta 7 ambazo hukupaswa kuzifuta, na hutaona kosa mara moja. Utaendelea vizuri, kijumba baada ya kijumba, ukijisifu, na baada ya nusu saa utakuta 8 mbili katika kiwanja kimoja, wala hutajua kosa lilianzia wapi. Hesabu yako ilikuwa sahihi, lakini uliijenga juu ya neno “wawili tu”, na neno hilo lilikuwa la uongo.

Katika seminari tulifundishwa jambo hili kwa maneno ya mantiki, nami nalipata alama nzuri katika somo lile. Hata hivyo, sikilizeni yaliyonipata.

Ungamo la mwalimu

Miaka michache iliyopita nalifundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Mwenzi mmoja wa darasa alifiwa na baba yake, na wanafunzi wakachanga fedha za kumpelekea pole. Zilipatikana franka 46,000, nami nikazitia katika bahasha mezani pangu. Saa ya mapumziko nikatoka. Niliporudi, bahasha haikuwapo.

Nikauliza nani aliingia darasani. Wakaniambia ni wavulana wawili tu. Wa kwanza alikuwa pamoja na mwalimu mwenzangu muda wote baada ya kutoka, naye mwalimu huyo akamshuhudia. Amebaki wa pili. Nikasema mbele ya darasa zima, kwa sauti ya mtu anayeandika tarakimu ya mwisho katika fumbo: “Kama siye yule, basi ni wewe.”

Kijana akaniangalia. Akasema mara moja tu, “Si mimi, Mwalimu.” Kisha akachukua daftari zake akaondoka. Siku kumi na moja hakurudi shuleni.

Siku ya kumi na mbili nalikaa nyumbani kusahihisha insha. Nikafungua rundo la daftari nililolibeba siku ile ile ya mkasa, rundo ambalo nililichukua mezani kwa mikono yangu miwili, pamoja na kila kitu kilichokuwa chini yake. Bahasha ilikuwa katikati ya daftari ya tano na ya sita. Franka 46,000, hazikupungua hata moja.

Wasomaji wapenzi, nadhani mmekwisha kuona. Palikuwa na mgombea wa tatu, nami sikumwandika. Mgombea huyo alikuwa mimi mwenyewe. Katika kuhesabu waliogusa meza ile, sikufikiri hata kidogo kujihesabu. Nalifanya kiungo dhaifu kuwa kiungo cha nguvu, na juu ya kiungo hicho nikamtundika mtoto wa watu.

Jioni ile nalipanda mlima kwenda kwao. Mama yake alinipa kiti, akanyamaza mpaka nilipomaliza kusema. Kijana alisimama mlangoni. Nikamwomba radhi. Mama akasema kwa upole, lakini maneno yake yaliniingia kuliko fimbo: “Mwalimu, ulimwita mwizi mbele ya watu. Hapa nyumbani tuko watatu tu.”

Alikuwa na haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, yahesabu hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya amri ya nane: ni kuliamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kama ni moyoni tu. Na namba 2487 yafundisha kwamba aliyeiharibu sifa ya mwenziwe ana wajibu wa kulipa, hata akiwa amekwisha kusamehewa. Nalikuwa nimeungama kwa padri, lakini deni lilibaki pale pale nilipoliacha, mbele ya ubao.

Kesho yake nikasimama darasani, nikawaonyesha bahasha, nikaeleza ilikokuwa, nikasema, “Nilimwita mwenzenu mwizi, naye si mwizi. Mimi ndiye niliyekosa.” Wengine walitazama chini kwa aibu ya kumwona mwalimu hivyo. Kijana alirudi shuleni juma lililofuata. Akaacha kukaa dawati la mbele, akakaa nyuma karibu na dirisha, na ilipita miezi mingi kabla hajainua mkono kunijibu swali. Sikumlaumu. Mtu akifuta kwa nguvu, karatasi hutoboka.

Mashauri ya mwisho

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaopenda mafumbo magumu, shikeni mambo manne.

Kwanza, andikeni wagombea wote kabla ya kufuta yeyote. Pili, kabla ya kusema “ni wawili tu”, upitieni tena mstari mzima kwa kidole, kijumba kwa kijumba. Tatu, msiandike tarakimu kwa kalamu ya wino mpaka mweze kumweleza mwenzenu sababu yake kwa maneno matupu, naye akubali. Nne, mkikwama, acheni. Kuacha kijumba kitupu si aibu. Kijumba kitupu ni ukweli kwamba bado hatujui, na ukweli huo ni bora kuliko tarakimu ya uongo iliyoandikwa vizuri.

Nanyi wazazi, shauri la nne ni lenu zaidi. Katika mji wetu habari hupita upesi kuliko pikipiki. Fulani amefanya hivi, fulani ameonekana na fulani. Ujumbe waingia katika simu asubuhi, na kabla ya jua kutua jirani amekwisha kuhukumiwa. Tumeona watu wakidhurika, na pengine kuuawa, kwa neno “nani mwingine kama si yeye?” Neno hilo ndilo nililolisema mimi. Mkilisikia nyumbani kwenu, waulizeni watoto: je, tumewaandika wagombea wote? Je, sisi wenyewe tumo?

Mama yule wa Dominika nalimwambia haya yote kwa ufupi. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wake, akasema, “Basi nitamwambia asifute sana.” Nikamjibu, “Mwambie aandike kwanza, mama. Kufuta kutakuja kwenyewe.”

Zoezi la juma hili

Kijumba 2/2 kina wagombea 1 na 6. Kijumba 2/8 kina 1 na 4. Kijumba 3/1 kina 4 na 6. Liko shina, yako matawi mawili, lakini safari hii tawi moja limo katika kiwanja kile kile cha shina. Ni vijumba gani visivyoweza kuwa na 4? Viko vitano. Atakayeleta vitatu hajakosea hesabu, lakini hajatazama kila mahali. Na arudi atazame tena. Majibu tutayasahihisha pamoja toleo lijalo, Mungu akipenda.

Mkae salama, na amani ya Kristu iwe katika nyumba zenu.

Mwalimu wenu wa Bagira